Kupanda na Kushuka: Jinsi ya Kuchagua Ulingo wa Mtini kwa Uwindaji wa Upinde

Mwindaji wa upinde katika misitu ya mashariki mwa Marekani hupanda mtini kwa sababu ya pua na macho ya kulungu. Kulungu mkia mweupe, anayewindwa sana katika majimbo kama Michigan, Wisconsin, Ohio na Kentucky, hunusa harufu ya mtu kutoka mbali, na jicho lake hunasa hata mkono uliosogea kidogo. Mwenye bunduki anaweza kumngoja akiwa mita 100 au zaidi. Mwenye upinde hana nafasi hiyo. Mshale wake unataka mita 20, zikizidi sana 30, na kabla ya kuuachia ni lazima auvute upinde, jambo lisilofichika mbele ya mnyama aliye karibu kiasi hicho. Akiwa mita 5 au 6 juu ya ardhi, mara nyingi harufu yake hupita juu ya kichwa cha mnyama, na mkono wake unakuwa mahali ambapo kulungu hatazami mara kwa mara.

Uwindaji huu una historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Jimbo la Wisconsin lilifungua msimu wa kulungu kwa ajili ya pinde peke yake mwaka 1934. Miaka michache kabla, mwaka 1925, Saxton Pope na Arthur Young, wawili waliofufua uwindaji wa upinde nchini mwao, walikuwa wamefika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Lakini uwindaji wa upinde uligeuka kuwa shughuli ya watu wengi baada ya Holless Wilbur Allen wa Missouri kubuni upinde wa roda na kupewa hataza yake mwaka 1969. Upinde huo humpunguzia mvutaji uzito anapofika mwisho wa kuvuta, kwa hiyo hata mtu asiye na misuli ya mpiga upinde wa zamani anaweza kusubiri akiwa amelenga. Watu waliongezeka msituni, na waliotaka kupanda miti wakaongezeka nao.

Ulingo wa kupandia ndio jibu lililowafaa wasio na shamba lao wenyewe. Una vipande viwili: jukwaa la miguu chini na kiti juu. Kila kimoja hushika mti kwa kebo, mnyororo au mkanda unaozunguka shina, na upande wa mpandaji kina chuma chenye meno yanayouma gome. Mpandaji huketi, akainua jukwaa kwa miguu yake iliyofungwa kwenye vitanzi. Kisha husimama, akainua kiti kwa mikono. Anakwenda hivyo kama kiwavi, hatua kwa hatua, mpaka afike anapotaka. Jioni hushuka kwa njia ileile, akaukunja ulingo na kuubeba mgongoni. Hauachi msumari mtini, hauhitaji matawi, na kesho unaweza kwenda mti mwingine upepo ukigeuka.

Tatizo ni jinsi watu wanavyouchagua. Dukani mnunuzi huketi kwenye kiti, akabonyeza mto, akaegemea, akauliza bei. Anaupima kama kitu cha kukalia, ilhali sehemu kubwa ya ajali za kuanguka hutokea mtu anapopanda, anaposhuka, au anapohama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Nashikilia kwamba ulingo wa kupandia uchaguliwe kwa jinsi unavyopanda na kushuka, na fedha zigawanywe kwa kufuata hilo. Starehe ya kukaa ije baadaye.

Madhara ya kuanguka si ya kukisia. Mwaka 1989 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayofuatilia magonjwa na majeraha, ilichapisha ripoti kuhusu wawindaji wa kulungu wa jimbo la Georgia kati ya 1979 na 1989. Zaidi ya theluthi moja ya majeraha ya uwindaji yaliyoripotiwa yalihusiana na malingo ya mtini. Hesabu ya kawaida ya fizikia inaeleza kwa nini majeraha hayo huwa mabaya. Mtu anayeanguka kutoka mita 6 hufika ardhini baada ya sekunde moja na kidogo, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Sekunde hiyo haitoshi kushika tawi. Mgongo huvunjika, nyonga huvunjika, kichwa hupigwa, na aliyeanguka mara nyingi yuko peke yake, msituni, giza likiingia.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununuliwa ni hanesi ya mwili mzima, yenye mikanda ya mabegani, kifuani na mapajani. Mkanda mmoja wa kiunoni, uliotumiwa na wawindaji kwa miaka mingi, usiuguse hata ukipewa bure: mtu akining'inia kwa kiuno, mkanda hupanda na kukaba mbavu na pumzi. Malingo mengi yanayouzwa yakiwa yamethibitishwa kwa viwango vya watengenezaji huja na hanesi ndani ya boksi. Hanesi hiyo inatosha kumzuia mtu asifike chini, lakini mara nyingi ni ngumu kuvaa, mikanda yake hujisokota, na juu ya koti la baridi inasumbua. Mtu anayesumbuliwa na hanesi huiacha nyumbani siku moja anapochelewa. Ndiyo sababu ningetoa dola 80 au 100 zaidi kwa hanesi iliyokaa kama kizibao na kufungwa haraka hata gizani, kabla ya kuongeza senti moja kwenye ulingo wenyewe.

Taasisi ya Marekani inayofundisha usalama wa malingo, Treestand Safety Awareness Foundation, inasisitiza kwamba mwindaji ajiunganishe na mti kabla mguu haujaacha ardhi. Kwa mwenye ulingo wa kupandia, maana yake ni kamba fupi inayozunguka shina juu ya kichwa chake, iliyounganishwa na hanesi kwa karabina, na kusogezwa juu kila anapopiga hatua. Kamba nzuri ina fundo la Prusik, lililobuniwa na Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, mwaka 1931: linateleza ukilisukuma kwa mkono na linakaza likivutwa na uzito. Kamba isiwe na ulegevu. Akiwa ameketi juu, kamba iwe karibu kunyooka, ili akiteleza ashuke kidogo tu na aweze kurudi jukwaani. Kamba iliyofungwa usawa wa kiuno inamwacha aanguke karibu urefu wake mzima kabla ya kukamatwa, na kuning'inia chini ya jukwaa asilolifikia.

Kuning'inia nako kuna hatari yake. Mtu akitulia ndani ya hanesi, mikanda ya mapaja inabana na damu inajikusanya miguuni. Anaweza kuzimia, na kabla nusu saa haijaisha hali yake inaweza kuwa ya kufa na kupona. Hanesi bora huja na utepe mdogo wa kukanyagia, ili mtu anyooshe miguu na kuachia damu ipande. Kama haina, kipande cha kamba chenye kitanzi mfukoni kinafanya kazi hiyo. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 5 kwa hanesi, na iliyowahi kukamata mtu anayeanguka haitumiki tena.

Sasa ulingo wenyewe. Malingo ya awali ya kupandia, yaliyoenea miaka ya 1970, yalikuwa na jukwaa la miguu peke yake. Mpandaji alilikumbatia shina kwa mikono na kulivuta jukwaa juu kwa miguu. Leo kuna aina mbili. Katika aina ya kwanza mpandaji huketi kila anapoinua jukwaa. Katika ya pili, kipande cha juu ni upau mwembamba wa kushika, na mwili mzima hubebwa kwa mikono jukwaa linapoinuliwa. Aina hii ya pili ni nyepesi, wakati mwingine kilo 7 au chini kidogo, na wapiga upinde huisifu kwa sababu mbele yao panakuwa wazi kabisa. Lakini inadai mikono yenye nguvu, na inaidai zaidi jioni, wakati wa kushuka, mtu akiwa amekaa saa nne kwenye baridi na vidole vimekufa ganzi. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, na kwa yeyote aliyevuka miaka 40 bila mazoezi ya mikono, aina ya kuketi ndiyo salama zaidi, hata kama ni nzito kwa kilo 2 au 3.

Kwa mpiga upinde swali linalofuata ni upau wa mbele. Malingo mengi ya kuketi yana fremu inayomzunguka mtu kiunoni. Mwenye bunduki huilaza bunduki juu yake na kulenga vizuri. Mwenye upinde hugonga upau huo kwa ncha ya chini ya upinde, au hujikuta hawezi kugeuka kumlenga kulungu aliyetokea kulia. Hata hivyo fremu hiyo ni msaada mkubwa wakati wa kupanda, kwa kuwa inamzingira mtu. Suluhisho ni fremu iliyo chini kiasi cha kupigia upinde ukiwa umesimama, au yenye upau unaokunjika nyuma. Jaribu ukiwa na upinde wako mwenyewe, umesimama, ukivuta pande zote. Muuzaji asiyekubali ulete upinde dukani mwache.

Kuna mkanda mmoja unaodharauliwa kuliko vyote: ule unaounganisha kiti na jukwaa. Jukwaa la chini likiachia mti mtu akiwa kitini, na mkanda huo haupo, linaanguka hadi chini na kumwacha mtu mita 6 juu bila pa kukanyaga. Hawezi kupanda wala kushuka. Mkanda huo hugharimu dola chache tu, mara nyingi umo ndani ya boksi, na watu huuacha kwa sababu unaning'inia na kunasa matawi. Ulingo usiokuwa nao, au usiokuwa na mahali pa kuufunga, si ulingo wa kununua.

Uzito wa mtu nao unahesabiwa vibaya. Kiwango kilichoandikwa kwenye lebo nyingi ni pauni 300, yaani kilo 136, na kinajumuisha kila kitu. Mwanamume wa kilo 100 akiongeza nguo za baridi na buti kilo 6, upinde na mishale kilo 3, hanesi kilo 2 na begi lenye maji kilo 6, amefika 117 na bado yuko ndani. Mwenye kilo 125 akibeba vitu hivyohivyo amepita kiwango, na anahitaji ulingo wa pauni 350. Hapa bei ya chini inaweza kumdanganya, kwa sababu kiti kitamshika vizuri tu dukani, sentimita 50 kutoka sakafuni.

Mti ni nusu ya kifaa, na ndio nusu isiyouzwa. Malingo mengi yanataka shina lenye kipenyo cha kati ya sentimita 20 na 50, lililonyooka, lisilo na matawi mpaka juu. Msonobari hushika meno vizuri. Miti ya jenasi Fagus ina gome laini kama ngozi, na ikilowa au ikiganda barafu meno huteleza. Hikori yenye magamba huachia vipande vya gome pamoja na meno yaliyovishika. Mwaloni ni mzuri ukiwa mwembamba wa kutosha. Katika Michigan na Ohio onyo kubwa ni kwa miti ya jenasi Fraxinus. Mdudu kutoka Asia anayeitwa Agrilus planipennis aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo. Mingi bado imesimama, imenyooka, haina majani ya kumficha kulungu, na kwa macho ya mgeni inaonekana imeumbwa kwa ajili ya ulingo. Kumbe imekauka ndani, gome limeachana na mti, na huvunjika bila kulia. Kanuni yangu ni fupi: mti usioujua jina, na usiouona ukiwa na majani wakati wa kiangazi, usiupande wakati wa majira ya kupukutika.

Mashina pia hupungua unene kadiri yanavyopanda. Kebo iliyokazwa sawasawa chini inakuwa ndefu mno juu, na ncha ya mbele ya jukwaa inainama. Kwa hiyo chini jukwaa lifungwe likiwa limeinuka kidogo mbele, ili likifika juu liwe sawa. Hapa ndipo ulingo mzuri hutofautiana na wa ovyo. Mzuri unaweza kurekebishwa kebo kwa mkono mmoja, bila kufungua nati na bolti ndogo zinazodondoka gizani. Uulizie hilo kabla ya kuuliza rangi. Na usitafute urefu kwa ajili ya urefu. Kutoka mita 6, kulungu aliye mita 20 mbali hupigwa kwa pembe ya digrii 17 hivi, na mshale hupita kwenye mapafu yote mawili. Kutoka mita 9, akiwa mita 10 tu kutoka shinani, pembe inafika 42. Eneo la mapafu linakuwa jembamba, na mshale unaweza kugusa pafu moja tu na mnyama akaenda kufia mbali, akiteseka. Kwa upinde, mita 5 au 6 zinatosha. Urefu wa zaidi ni hatari inayolipwa bila faida.

Katika bei za miaka ya karibuni, ulingo wa chuma wa kupandia hupatikana kwa dola 150 hadi 200, wa alumini unaojulikana kama Summit Viper huwa kati ya 300 na 450, na mwepesi sana hupita 500. Tofauti kati ya chuma na alumini kwa sehemu kubwa ni mgongo wa mbebaji: chuma huwa kilo 11 hadi 14, alumini kilo 9 hivi. Anayetembea mita 300 kutoka gari lake anaweza kuchukua chuma bila majuto. Anayetembea kilomita 2 kwenye ardhi ya umma atafika amelowa jasho, na jasho ndilo harufu aliyopanda mtini kuikwepa. Kwa mwenye dola 350 jumla, ningegawa hivi: 100 kwa hanesi, 40 kwa kamba yenye fundo la Prusik na karabina zake, zinazobaki kwa ulingo wa chuma mpya wenye lebo ya kuthibitishwa. Wengi hufanya kinyume, wakamaliza fedha kwenye ulingo mwepesi na kupanda na hanesi ya boksini, au bila yoyote.

Mtumba una nafasi yake, kwa masharti. Wawindaji huuza vifaa vyao msimu ukiisha, na ulingo wa alumini ulionunuliwa kwa dola 400 unaweza kupatikana kwa 200. Uangalie kwenye maungio yaliyochomelewa, ukipitisha ukucha kutafuta ufa. Kebo iliyofunikwa plastiki inaweza kuwa imeoza kutu ndani huku nje ikimetameta. Ikunje, na ukisikia inakwaruza au ukiona plastiki imevimba, ikatae au hesabu bei ya kebo mpya kutoka kwa mtengenezaji. Soma lebo ya modeli, kisha uitafute kwenye matangazo ya bidhaa zilizorudishwa yanayotolewa na tume ya serikali ya Marekani ya usalama wa bidhaa, CPSC, kwa kuwa malingo yamewahi kurudishwa viwandani kwa kasoro zake. Ulingo usio na lebo usipandwe. Mikanda ya kitambaa, hanesi na kamba zisinunuliwe mtumba kamwe, maana jua na jasho huzila bila kuacha alama. Na mbao zilizopigiliwa mtini na mwenye shamba wa zamani, hata zikionekana imara, ziachwe zilipo.

Kuna wanaouliza kama ulingo wa kupandia ndio chaguo sahihi hata kidogo. Ulingo wa ngazi, wa dola 100 hadi 250, ni mwepesi kupanda na hauchoshi mikono, lakini ni mzito kubeba na unafaa kuachwa mahali pamoja, kwa hiyo unamfaa mwenye shamba. Kibanda cha kitambaa ardhini ni salama kuliko vyote, na kwa mtu mwenye goti bovu au kizunguzungu ndicho ningemshauri bila kusita. Anayewinda ardhi ya umma, akihama kila wiki, ndiye ulingo wa kupandia ulitengenezwa kwa ajili yake.

Sheria zinaegemea upande huo. Katika misitu ya umma ya Michigan hairuhusiwi kutumia kitu kinachotoboa gome mpaka ndani ya mti kwa ajili ya kupandia, na ulingo unaoachwa msituni lazima uwe na utambulisho wa mwenyewe. Ulingo unaokuja na kuondoka na mwindaji huepuka sehemu kubwa ya masharti hayo, ingawa kila jimbo lina yake na ni wajibu kuyasoma kabla. Huko Kentucky, ambako familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimehamia Louisville na Lexington, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada yake anatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Wenyeji wa Kivu waliokua na upinde mkononi wasiyaone mafunzo hayo kuwa ya kitoto. Yanafundisha ulingo, na ulingo wa chuma ni kitu kigeni kwa wengi wao.

Ukishaununua, usiupeleke msituni wiki hiyohiyo. Funga kwenye mti wa uani, upande usawa wa goti, ushuke, urudie mchana ukiwa na nguo nyepesi, kisha usiku na koti na glavu. Vaa hanesi na ujining'inize ukiwa na mtu pembeni, miguu sentimita chache kutoka chini, ujifunze kukanyaga utepe na kurudi jukwaani. Upinde usipande nao. Ufunge kwenye kamba, mishale ikiwa ndani ya podo lililofunikwa, uuvute ukishaketi na kujifunga, na jioni uushushe kwanza. Usipande umelewa, umelala kwa saa tatu tu, au umemeza dawa ya mafua inayosinzisha. Nyumbani waachie alama ya mti ulipo kwenye ramani, si jina la msitu tu, na saa ya kurudi ambayo ikipita waanze kupiga simu. Simu na filimbi zikae mfuko wa kifuani. Zikiwa kwenye begi lililotundikwa upande wa pili wa shina, anayening'inia hazifikii.